Usihesabu michikichi kuwa msitu: ushauri kwa anayeanza kutengeneza modeli za wanyamapori

Modeli yangu ya kwanza ya sokwe wa Kigoma ilikuwa na kosa ambalo kompyuta haikuweza kuling'amua: kila penye kijani kwenye picha ya setilaiti nilipahesabu kuwa msitu. Nilipopanda boti hadi kijiji kimoja kaskazini mwa Gombe na kupandisha kilima kwa miguu, nilikuta kwamba nilichokiita ushoroba, yaani njia ya wanyama kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine, ni michikichi ya watu iliyochanganywa na mihogo, na chini yake mama mmoja alikuwa ameanika mise, yaani kokwa za chikichi, kwenye turubai. Sokwe hula chikichi, naam, lakini kupita mahali kutafuta chakula si sawa na kuishi na kulea watoto hapo.

Anza na mlinganyo wa Richard Levins wa 1969, unaofuatilia ni sehemu gani ya vipande vya makazi ina wanyama, hata kama wenzako watauona mwepesi mno. Gawanya kasi ya wanyama kutoweka katika vipande wanavyokalia kwa kasi yao ya kuhamia vipande vitupu. Tuseme umepata 0.3: makazi yakibaki asilimia 40 ya yale ya awali, vipande vyenye wanyama vitatulia kwenye asilimia 10 ya vipande vyote vya awali (40 toa 30), na makazi yakishuka hadi asilimia 30 wanyama watakwisha ilhali miti bado imesimama. Ushoroba ukikatwa, uhamiaji hupungua na uwiano huo hupanda, hata kama hekta zilizopotea ni chache.

Kisha ongeza nasibu, yaani matukio ya bahati yasiyotabirika. Nchi kavu ya Hifadhi ya Gombe ni kama kilomita za mraba 35 tu, na sokwe jike huzaa takriban kila baada ya miaka mitano au sita. Katika kundi dogo, uwezekano wa watoto wanne mfululizo kuwa madume wote ni mmoja kati ya 16, jambo ambalo mlinganyo wa wastani hauwezi kulionyesha, kwa kuwa wenyewe huzaa nusu jike na nusu dume bila kusita.

Niliporudia kazi, sikuifuta michikichi. Niliipunguzia tu uwezo wa kupitisha wanyama. Mstari wa mlinganyo usio na nasibu ulitulia kwa miaka 100, lakini katika majaribio yenye nasibu, mengi yaliishia sifuri mapema. Sasa mwanafunzi akiniletea mchoro wenye mstari mmoja uliotulia, humuuliza kwanza amerudia jaribio mara ngapi, na kama amewahi kufika kwenye kile kijani.