Andika kirefu kwanza, kisha ukate

Mwezi Mei 2024, siku chache kabla ya shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kusitishwa kwa miezi mitatu, niliandika kwenye ukurasa wangu maneno manne: "Ziwa linafungwa wiki ijayo." Nilikuwa kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mahali boti za uvuvi zinapoegesha, chaji ya simu inakaribia kuisha, nikaona hayo yanatosha. Kufikia jioni maneno hayo yalikuwa yamesambazwa kuliko andiko lolote nililowahi kuliweka mtandaoni. Kesho yake ndugu yangu wa Kalya, kijiji cha kando ya ziwa, alinipigia akiuliza atarudije nyumbani ikiwa boti za abiria zimezuiwa, na mteja wa Dodoma aliyeagiza magunia mawili ya dagaa akaghairi, kwa kuamini kwamba hata mzigo uliokwisha kukaushwa hauruhusiwi kusafirishwa. Mama aliyekuwa ameniandalia magunia hayo hakunikaripia. Aliniambia tu, "Mwanangu, hukusema uongo, ila hukumaliza."

Nilianza kuandika blogu mwaka 2011, wakati ambapo makala moja ilinichukua jioni nzima, na wasomaji wachache waliokuja walisoma hadi mwisho. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipowataka wenye blogu wawe na leseni, ambayo ada yake ilikuwa shilingi 1,000,000, sikuweza kuimudu, nikahamia kwenye machapisho mafupi kama walivyofanya wengi. Sikulazimishwa na ada peke yake, lazima niseme. Watu nao walikuwa wamehama, na anayeandika huwafuata wasomaji wake.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba ufupi huo una asili yake. Twitter, iliyoanza mwaka 2006 na sasa inaitwa X, iliweka ukomo wa herufi 140 kwa sababu ujumbe wa simu ulibeba herufi 160, na zilizobaki ziliachwa kwa jina la mtumaji. Ukomo huo uliongezwa hadi 280 mwaka 2017. Stetasi ya WhatsApp nayo hufutika baada ya saa 24. Vyombo hivi viliundwa kwa ajili ya habari ya sasa hivi, na kwa habari ya namna hiyo vinafaa sana. Bei ya dagaa ya leo asubuhi iwekwe kwenye stetasi, ifutike kesho, kwa kuwa kesho itamdanganya mnunuzi.

Lakini namna ya kumtambua dagaa mzuri haibadiliki kila siku, na hapo ndipo makala ndefu inapohitajika. Kati ya makala zangu za zamani, ninayoulizwa mpaka leo ni ile niliyoeleza tofauti ya dagaa aliyeanikwa mchangani na aliyeanikwa juu ya chanja, yaani kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini. Yule mama ndiye aliyenifundisha: alichota dagaa kiganjani, akawasugua taratibu kwa kidole gumba juu ya kitambaa cheupe, akanionyesha chembe za mchanga zilizodondoka, kisha akachukua mmoja kutoka fungu la chanjani, akamkunja, akavunjika kwa mlio mdogo. Asiyevunjika bado ana unyevu, na gunia lake litaota ukungu kabla halijafika mbali. Niliwahi kuyakata maelezo hayo yawe chapisho la mistari miwili, na swali la kwanza nililopata lilikuwa, "Kwa hiyo wa mchangani wasinunuliwe?" Wananunuliwa, na wengi huwala, mradi waoshwe vizuri, ila sentensi hiyo ndiyo niliyokuwa nimeikata.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: andika jambo zima kwanza, hata kama hakuna atakayelisoma zima, kisha ndani yake utafute sentensi inayoweza kusafiri peke yake bila kumpotosha mtu. Isome kana kwamba uko Kalya na huna habari nyingine yoyote. Andiko refu lihifadhi kwako mwenyewe, kwenye kompyuta au kwenye barua pepe, kwani mwaka 2021 akaunti yangu kwenye mtandao mmoja ilifungwa ghafla na machapisho ya miaka mitatu yakapotea, ilhali makala za blogu zilibaki kwa kuwa nilikuwa na nakala.

Tangazo lile la ziwa nililiandika upya siku ileile ndugu yangu aliponipigia: "Uvuvi unasitishwa 15 Mei hadi 15 Agosti. Boti za abiria zinaendelea, na dagaa waliokwisha kukaushwa wanauzwa." Halifiki herufi 140. Lilisambazwa na wachache tu, lakini mteja wa Dodoma alikuwa mmoja wao, na magunia yake mawili yakaondoka. Tangu hapo, kabla sijatuma habari yoyote ya mwalo, humsomea mama yule kwa sauti, na akiuliza swali, narudi kuandika.