Maswali ya Wasomaji: Fundi wa Mbeya na Nishati ya Nyuklia

SWALI: Mwanangu anasomea uchomeleaji wa vyuma katika chuo cha ufundi hapa Mbeya. Tangu kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kizinduliwe Namtumbo mwaka 2025, anasema anataka kuiacha fani hiyo akaanze upya na fizikia, kwa kuwa anaamini kazi za nyuklia ni za wanasayansi peke yao. Je, nimuunge mkono? (Mama wa Uyole)

JIBU: Mama, kama kijana anaipenda fizikia kwa dhati, asizuiwe. Lakini kama sababu ni hiyo uliyoieleza, ninakuomba umshauri abaki karakanani. Kituo cha umeme wa nyuklia, kama kile cha Koeberg nchini Afrika Kusini ambacho kimezalisha umeme tangu mwaka 1984, huhitaji wanafizikia wachache wa kinu, yaani mtambo ambamo atomi hupasuliwa ili kutoa joto, na kundi kubwa zaidi la mafundi wa mabomba, umeme, mitambo, vipimo na zege.

Kinachomtofautisha fundi wa nyuklia na mwingine ni ushahidi wa kazi yake. Kila kiungo muhimu kilichochomelewa hukaguliwa, jina la aliyekichomelea huandikwa pamoja na aina ya chuma na waya uliotumika, na kumbukumbu hizo hutunzwa kwa miongo yote ambayo kituo kitafanya kazi. Ukaguzi wenyewe hufanywa bila kukiharibu chuma, ama kwa mawimbi ya sauti, ama kwa kupiga picha kwa mionzi ya chanzo kama iridiamu-192, na anayekishika chanzo hicho lazima awe amefundishwa kujikinga na awe chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mwanao akiongeza cheti cha ukaguzi wa aina hiyo juu ya uchomeleaji wake, hatakaa akisubiri kinu kijengwe: bomba la mafuta la TAZAMA linapita katika nyanda hizi kuelekea Ndola, mitambo ya umeme wa maji ipo Mtera na Kihansi, na viwanda vya Mufindi vina matangi ya mvuke yasiyopaswa kuendeshwa kwa kubahatisha.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mjadala wetu huanzia kwenye kinu na kuishia hapo, ilhali safari ya nchi kutoka wazo la kwanza hadi umeme wa nyuklia huchukua kati ya miaka 10 na 15, na muda huo ndio wa kuandaa watu. Wala hakuna nchi ya ukanda wetu yenye wanafunzi wa kutosha kujaza peke yake kila darasa la fani hizi. Ndiyo maana mkataba wa ushirikiano wa AFRA, ulioanza mwaka 1990 chini ya Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki, unazisaidia nchi za Afrika kugawana vituo vya mafunzo; Ghana, kwa mfano, ina shule ya sayansi ya nyuklia iliyoanzishwa mwaka 2006, nayo hupokea wanafunzi wa nchi nyingine. Ningefurahi kuuona mji wa Mbeya, wenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia na karakana za reli ya TAZARA, ukiomba kuwa kituo cha ukanda huu cha ukaguzi wa vyuma.

SWALI: Urani ya Namtumbo itatumika moja kwa moja kwenye kituo chetu cha baadaye? (Msomaji wa Mafinga)

JIBU: Hapana. Kinachotoka mgodini ni unga ambao urani yake ina asilimia 0.7 tu ya aina ambayo atomi zake hupasuka kwa urahisi, na vinu vingi huhitaji asilimia 3 hadi 5. Kazi ya kurutubisha, yaani kuongeza kiwango cha aina hiyo, na ya kutengeneza fueli hufanywa katika nchi chache sana. Kwa wafanyabiashara wa Iringa, Njombe na Songea, nafasi iliyo karibu ni kuuhudumia mgodi wenyewe: vipuri, matengenezo ya pampu, uchambuzi wa sampuli za maji na udongo, na usafirishaji wenye vibali vya Tume. Anayeitaka aanze sasa kuweka kumbukumbu za ubora wa bidhaa zake, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoombwa kwanza.