Nenda, lakini omba kwanza muanze mapema zaidi

Dada uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umesema ulifika Uingereza mwezi wa Septemba kwa kazi ya uuguzi, wenzako wa wodini wamekualika kutembea maili 8 katika vilima vya Chilterns Jumapili ya katikati ya Januari, mnaanza saa tano na nusu asubuhi, na una hofu mbili: matope, na kukatiza mashamba ya watu usiowajua. Nimetembea vilima hivyo pamoja na kundi la mtaani kwetu kwa misimu 9 ya baridi, na ninakujibu kwa niliyoyapitia. Nenda. Ila kabla ya kununua chochote, mwombe kiongozi wenu aiwahishe saa ya kuanza.

Maili 8 ni takriban kilomita 13. Watembeaji wa huku wana kanuni ya tangu 1892, ya Mskoti William Naismith, inayohesabu kilomita 5 kwa saa na kuongeza muda kwa ajili ya kila mpando. Kundi letu halijawahi kufikia mwendo huo mwezi wa Januari. Tope likishashika viatu, kilomita 3 kwa saa ndizo tunazoziweza. Kwa mwendo huo mtatembea muda unaozidi saa nne, mtasimama kula walau dakika 40, na itakapotimia saa kumi na nusu mtakuwa bado njiani, ilhali jua la siku hizo huzama muda mfupi baada ya saa kumi na robo. Ndani ya msitu giza huingia mapema zaidi. Sisi huondoka saa nne kamili, na kila mmoja hubeba tochi ya kuvaa kichwani hata kama asubuhi imekucha vizuri.

Sasa matope. Nilikulia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na nilipokuja huku niliamini kwamba hakuna wa kunifundisha utelezi. Lakini kule mvua ikikatika na jua likawaka, njia ya mgongoni mwa mlima hukauka upesi. Huku jua la majira ya baridi hupita chini sana, miti iliyopukutisha majani hainyonyi maji, na udongo ulioshiba tangu Novemba unaweza kubaki hivyo mpaka Machi. Chilterns ni vilima vya mwamba wa chaki, ambao kwa kawaida hupitisha maji, lakini sehemu nyingi za juu zimefunikwa na mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume, na mfinyanzi huo huyazuia maji yasishuke. Ndiyo maana utakuta madimbwi kileleni. Chaki nayo ikilowa huteleza kama sabuni, kwa hiyo kwenye mteremko piga hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea.

Mahali pagumu kuliko pote ni langoni, kwa sababu mifugo hukusanyika hapo na kwato zao hukoroga udongo mpaka ukawa kama uji mzito. Katika matembezi yangu ya tatu, karibu na mji mdogo wa Wendover, nilijaribu kulikwepa tope la namna hiyo kwa kupita pembeni, nikateleza kutoka ukingoni na mguu wa kulia ukazama hadi nusu ya muundi. Niliuvuta kwa nguvu. Mguu ukatoka na soksi tupu, kiatu kikabaki ndani, na maji baridi ya kahawia yakaanza kukijaa huku ninatazama. Mama mmoja wa kundini, mwenye umri wa kunizaa, alinishika kiwiko nisianguke, akainama, akaingiza vidole nyuma ya kisigino cha kile kiatu na kukitikisa kulia na kushoto polepole mpaka hewa ikaingia chini yake, ndipo akakiinua bila shida. Tope hushikilia kiatu kwa kufyonza, na kukivuta moja kwa moja kwenda juu ni kushindana nalo. Siku ile alinifundisha pia kupita katikati ya tope, pole pole, nikitanguliza fimbo. Kila anayekwepa pembeni huipanua njia na kuikanyaga ngano ya mwenye shamba, na pembeni penyewe mara nyingi pana mwinamo.

Mavazi hayana siri kubwa. Usivae jinzi, maana pamba ikilowa hupoza mwili na kukauka kwake ni kazi. Vaa soksi za sufu, buti zinazopanda juu ya kifundo cha mguu zenye soli ya meno marefu, koti la mvua, na ubebe chupa ya chai ya moto.

Hofu yako ya pili naielewa sana, kwa kuwa hata mimi nilitembea miezi nikitarajia kuitwa na kuulizwa ninatafuta nini. Tazama vibao vilivyopigiliwa kwenye milango na nguzo: mshale wa manjano ni njia ya watu wa miguu, wa buluu ni njia inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Njia hizo ni haki ya umma kisheria, hata zinapokatiza shamba la mtu, na hazimtaki mpitaji aombe ruhusa. Mkulima akilima juu ya njia iliyokatiza shamba lake kwa ajili ya kupanda, anatakiwa airudishe ndani ya siku 14. Haki hizi zilidaiwa: mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda mlima Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji, na baadhi yao wakafungwa jela, mwaka 1949 ikapitishwa sheria iliyoagiza njia za umma ziorodheshwe kwenye ramani rasmi. Mkipita njia ndefu ya miguu iitwayo Ridgeway kati ya Wendover na Princes Risborough, mtavuka barabara inayoingia Chequers, nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu wa nchi. Mimi nimeivuka mara nyingi nikiwa na buti zenye tope, na hakuna aliyenisimamisha. Fuata mshale, funga kila lango ulilolikuta limefungwa, na usiwaingilie kondoo, kwani mwezi huo wengi wao wana mimba.

Beba mfuko wa plastiki na viatu vyepesi vya kubadilisha kabla ya kupanda treni. Ukifika nyumbani zing'oe soli za ndani, jaza magazeti makavu ndani ya buti na kuyabadilisha asubuhi. Usiziweke juu ya hita. Ngozi itapasuka, nami nimepoteza jozi nzima kwa haraka hiyo.