Naimba Kwenye Misiba, Usiku Naogopa Kufa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ni mwanakwaya tangu usichana wangu, na msiba ukitokea mtaani kwetu sisi ndio tunaoimba mpaka makaburini. Lakini Shangazi, naogopa kufa. Tangu Pasaka nashtuka saa nane usiku moyo unakwenda mbio, najiona nimo ndani ya sanduku na wenzangu wanaimba nje. Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani? Mwanakwaya gani anaogopa kwenda huko anakokuimba kila wiki?

Kilichoanzisha haya ni kaka yangu. Alikuwa mvuvi huko Igombe. Kichocho kimemharibu ini, tumbo linajaa maji, mara mbili ametapika damu, na madaktari wametuambia tujiandae. Kaka aliacha kanisa zamani. Anasema Mungu hayupo, mtu akifa amekufa, anarudi kama alivyokuwa kabla hajazaliwa. Anayasema hayo huku anakunywa uji wake, ametulia. Mimi muumini sina usingizi, yeye asiyeamini analala fofofo. Je, imani yangu ni ya uongo? Na yeye akifa hivi hivi, atachomwa moto? Mchungaji anasema nimtubishe kabla hajachelewa. Nikijaribu ananifukuza. Sasa hata kwenda siendi.

Dada wa Kirumba

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote macho yangu yameganda kwenye maneno yako ya mwisho, kwamba sasa hata kwenda huendi. Huko tutarudi. Tuanze na hiyo hofu.

Yule unayemwimbia, usiku wa kuamkia kufa kwake, hakulala. Pale Gethsemane jasho lilimdondoka kama matone ya damu, akaomba kikombe kile kimwepuke, na hakuomba mara moja tu. Alijua anakokwenda kuliko mwanakwaya yeyote. Tena hakuificha hofu yake. Aliwaambia rafiki zake watatu waziwazi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawasihi wakeshe naye. Wakalala. Wewe hata hao wa kulala hujawapa nafasi.

Jirani yako Mwislamu naye atakusimulia habari inayokaribiana na hiyo. Mtume aliposema juu ya watu wanaopenda kukutana na Mungu na wanaochukia, mkewe Bi Aisha alijibu kwamba sote tunachukia mauti. Hakukemewa. Alieleweshwa kuwa hilo silo lililokusudiwa.

Kwa hiyo hofu yako haipimi imani yako. Hata wasomi waliojaribu kuupima uhusiano huo hawakupata jibu rahisi. Mwaka 2017 Jonathan Jong na wenzake walikusanya tafiti zipatazo 100 zilizolinganisha dini na hofu ya kifo. Zaidi ya nusu hazikuona uhusiano wowote. Zilizobaki, baadhi zilikuta wenye dini wanaogopa kidogo kuliko wenzao, nyingine zikakuta wanaogopa zaidi. Nyingi zilifanyika Marekani, kwa hiyo siwezi kuzibeba nikaja nazo Kirumba kama zilivyo. Ila kuna jambo moja humo lilinigusa: zipo dalili kwamba walioamini kabisa na waliokataa kabisa ndio watulivu, na walio katikati ndio wanaohangaika.

Wewe uko katikati, lakini si katikati ya kuamini na kutoamini. Uko katikati ya kumpenda kaka yako na mahubiri uliyoyasikia. Angalia hofu yako ilianza lini. Haikuanza ulipougua wewe. Ilianza alipotapika damu yeye, na swali lako zito zaidi halikuwa kuhusu roho yako.

Hapa nina neno na wahubiri wetu, na nalisema kwa uchungu. Mara ngapi umesimama na sare ya kwaya, jeneza liko mbele, mjane kaketi chini kwenye mkeka, na mtu kashika kipaza sauti anawatisha watu na moto? Marehemu anageuzwa mfano. Watoto wake wanasikiliza. Nimeyaona haya Igogo, nimeyaona Buhongwa, nimeyaona na vijijini. Mimi ni muumini na nitakufa muumini, lakini hukumu hatukupewa sisi tuishike, wala huyo mwenye kipaza sauti hakupewa. Uliuliza kama kaka yako atachomwa. Sijui kilichomo moyoni mwa kaka yako, na Mungu ninayemwabudu hakuniomba nimsaidie kuamua.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kufika Mwanza, wengi wa waliopotea walikuja kuzikwa pale Igoma, na wengine hawakutambuliwa majina mpaka leo. Mkristo, Mwislamu, aliyekuwa na masamva, yaani mizimu ya kwao, asiyekuwa na chochote, wamelala pamoja, na sisi tukipita tunawaombea wote. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kwanza nani kati yao alikuwa ametubu.

Sasa huo utulivu wa kaka yako. Usiudharau, na usiuamini wote. Maneno yake kwamba kufa ni kurudi kama kabla hatujazaliwa ni ya siku nyingi. Epicurus, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alifundisha kwamba kifo kikiwepo sisi hatupo, basi hakuna wa kuumia. Na alikufa kwa maumivu makali ya mkojo na tumbo. Lakini katika barua aliyoiandika siku zake za mwisho hakubishana na mtu juu ya kuzimu. Alisema anayakabili maumivu yale kwa furaha ya kuyakumbuka mazungumzo yake na rafiki, kisha akaomba watoto wa mwenzake aliyetangulia kufa watunzwe. Mtu aliyeyamaliza maswali ya mbinguni bado alikuwa na watoto wa watu moyoni.

Baba yangu mdogo kule Ukerewe naye hakuwa mtu wa kanisa. Alipokuwa anakufa nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimeokoka juzi, nina moto. Nilikaa kando ya kitanda chake siku nne na Biblia mapajani, nangoja upenyo wa kumtubisha. Kila nikianza anafumba macho. Siku ya tano alfajiri akaondoka. Baada ya matanga ndipo shangazi zangu waliponiambia kwamba kila nilipotoka nje alikuwa akiwauliza swali moja: je, nitakuwepo siku ya kumzika, au nitakataa kwa kuwa watu wa dini hawazikani na mtu kama yeye? Siku nne nzima alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa hapo hapo, nikimjibu hofu asiyokuwa nayo.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, wengi niliowasikiliza wasio na dini huku kwetu hawazungumzii moto. Wanazungumzia maziko. Nani atasimama kaburini? Kanisa litasema hakuwa na kadi wala hakutoa michango. Wazee watataka yao. Mwingine atapendekeza abatizwe akiwa hajitambui, ili familia isione aibu. Hilo la mwisho nakuomba usilikubali kamwe, hata likitoka kwa mchungaji unayempenda. Mtu aliyekataa akiwa na akili zake asibebwe akiwa hana.

Hizo saa nane za usiku nazo usizivumilie kimya. Ukishtuka, keti kitandani, weka miguu chini sakafuni, vuta pumzi polepole na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mpaka moyo ushuke. Mwambie mwenzio mmoja wa kwaya, yule mzee kuliko wote. Nadhani utashangaa atakavyokujibu. Na kwa kuwa tangu Pasaka ni muda mrefu, nenda hospitali ya rufaa uonane na watu wa afya ya akili. Moyo kwenda mbio namna hiyo unatibika, na kumeza dawa si kumkana Mungu. Ukiwa huko, wapimishe kichocho watoto wako na wa kaka, maana wote wanaoga ziwa lile lile, na dawa yake ipo.

Halafu panda daladala uende Igombe. Usibebe Biblia safari hii. Beba sato mmoja kama daktari hajamkataza, umpikie mchuzi mwepesi usio na chumvi nyingi, ukae naye nje kwenye kivuli. Mwambie, "Kaka, naogopa." Hayo tu kwanza. Mwambie habari za sanduku na saa nane usiku. Yeye ndiye kaka mkubwa, mwachie kazi ya kukutuliza hata siku moja, kwa muda mrefu sasa ninyi nyote mmemgeuza mgonjwa tu. Akikuuliza unaogopa nini, mjibu ukweli, kwamba unaogopa kutengana naye.

Akishakujibu lolote, muulize na wewe. Anataka azikwe wapi? Nani aongee? Anataka sala, au historia yake isomwe na wavuvi wenzake washushe jeneza? Kwaya yenu ije iimbe, au ninyi mje kama ndugu tu? Wapo wasioamini ambao bado wanaupenda wimbo aliokuwa akiuimba mama yao, na wapo wasiotaka hata huo. Wewe hutajua mpaka aseme. Na akisema hataki sala, wewe utasali nyumbani kwako, usiku ule ule unaokutesa sasa, na hakuna atakayekuzuia.

Atakayoyasema yaandike kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyapamba, atie sahihi yake chini. Kisha mpelekee mjomba wenu alisome mapema, angali kaka yako yu hai na anaweza kuulizwa, maana siku ile mjomba ndiye atakayeamua nani apewe kipaza sauti.