Mtakatifu "aliombwa" au "aliombewa"?

Swali: Natafsiri maelezo ya picha za kidini za Ujerumani za karne ya 15. Je, ni sahihi kuandika: "Mtakatifu Sebastiani aliombewa na watu wakati wa tauni; picha yake ilichongwa kwenye karatasi"?

Jibu: Kuna makosa mawili, na la kwanza ni zito kwa sababu linageuza imani yenyewe. Kumwomba mtu ni kumpelekea haja yako. Kumwombea ni kupeleka haja kwa mwingine kwa ajili yake. Ukiandika Sebastiani "aliombewa", msomaji ataelewa kwamba mgonjwa alikuwa yeye. Sikiliza litania, sala ya kuwataja watakatifu mmoja mmoja na kuitikia: "Mtakatifu Sebastiani, utuombee." Hiyo -tu- ni sisi, tunaoombewa ni sisi, anayeombwa ni yeye. Andika basi: "Watu walimwomba Sebastiani awaombee wasipatwe na tauni." Vivyo hivyo kwa Apolonia, aliyeombwa na wenye maumivu ya meno. Usiridhike na "mtakatifu wa tauni" pia, maana "wa" haisemi kama anaileta au anaikinga.

La pili: karatasi haichongwi, huchapwa. Kinachochongwa ni ubao. Fundi aliondoa mbao pale patakapobaki peupe, akaacha mistari imeinuka. Mistari ikapakwa wino, karatasi ikalazwa juu na kusuguliwa mgongoni, kisha rangi zikatiwa kwa mkono. Maneno yalichongwa kinyume, la sivyo yangetoka yamegeuka. Aliyezoea milango ya Lamu huteleza hapa kwa urahisi: kule ubao ndio kazi yenyewe, huku ni chombo tu. Sema "ilichongwa kwenye ubao, ikachapwa kwenye karatasi", au kwa kifupi "chapa ya ubao". Lakini usiiite hivyo kila picha ya zama hizo. Martin Schongauer, fundi wa Kijerumani wa karne hiyo, alikata mistari kwenye bamba la shaba, na wino ulikaa ndani ya mifereji, si juu yake. Hiyo ni "chapa ya shaba".

Ukifika kwenye picha ya Mtakatifu Kristofa ya 1423, iliyokutwa imebandikwa ndani ya jalada la kitabu huko Buxheim, Ujerumani, na sasa iko Manchester, kuwa mwangalifu na Kilatini kilicho chini yake. Kinamwambia atakayeutazama uso wa Kristofa kwamba siku hiyo hatakufa "kifo kibaya", yaani cha ghafla, kabla ya kujiandaa kwa kitubio. Ukiandika "hutakufa" tu, umempa Kristofa ahadi ambayo hakuitoa.