Dripu ya njano na vidonge vya dukani

SWALI: Shikamoo Mfamasia. Mwanangu wa miaka 6 anatibiwa saratani ya damu. Baada ya kemo alishikwa na homa, akachomwa antibayotiki siku kadhaa, homa ikakataa kushuka. Sasa wanamtundikia dripu ya njano, wanasema ni ya fangasi. Ikianza kuingia anatetemeka hadi meno yanagongana. Mama wa kitanda cha jirani anasema dukani kuna vidonge vya fangasi, bei rahisi, na vilimtoa mwanawe utando mdomoni. Kwa nini wangu ateseke hivi? – Mama Z., Tanga

JIBU: Marahaba Mama Z., na pole kwa kuuguza.

Jirani yako hakudanganyi, ila anazungumzia ugonjwa mwingine. Utando wa mdomoni ni fangasi wa juu juu. Kwa mwanao madaktari wanahofia fangasi wa ndani: kwenye damu, mapafu, hata ini. Kemo huangusha zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, ziitwazo nyutrofili. Zikiwa chini ya 500 kwa maikrolita moja ya damu, na homa ikapita siku 4 licha ya antibayotiki kali, tiba ya fangasi huanzishwa hata kama maabara haijaona kitu. Wako sahihi. Damu ikioteshwa, fangasi hukosekana mara nyingi, na Aspergilasi, fangasi anayeingia kwa pumzi na kujichimbia mapafuni, ni nadra sana kuota humo. Vidonge anavyovisifia jirani, kama ni flukonazoli, huwaweza kandida wengi, yaani fangasi wa aina ile ya utando wa mdomoni. Kwa Aspergilasi havifui dafu.

Dripu ya njano bila shaka ni amfoterisini B, dawa ya tangu miaka ya 1950. Ni kali kwa fangasi, na kwa mgonjwa pia haina upole. Homa na kutetemeka wakati inaingia ni tabia yake inayojulikana, na kwa watoto wengi hupungua kadiri dozi zinavyoendelea. Mwombe muuguzi ampe parasetamoli kabla haijaanza. Akianza kutetemeka, au pumzi ikibana, ita mtu hapo hapo. Na tafadhali, usiguse kile kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu eti iishe haraka! Saa 4 hadi 6 zimewekwa makusudi. Ikikimbizwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Utaona pia anapewa maji ya chumvi kabla, kulinda figo, lakini dawa yenyewe inachanganywa na maji ya sukari tu, kwa sababu kwenye chumvi huganda. Hivyo akija muuguzi mgeni usiku, si utovu wa adabu kumwuliza kachanganya na nini. Dawa hii pia humwaga madini ya potasiamu kwenye mkojo, ndiyo maana anatolewa damu kila mara. Dafu lina potasiamu, na analipenda, najua, lakini hesabu ya potasiamu waachie maabara.

Ninaloliogopa zaidi ni hivyo vidonge vya dukani. Katika kemo ya saratani ya damu kuna sindano iitwayo vinkristini. Dawa kadhaa za fangasi, hasa itrakonazoli na vorikonazoli, huzuia ini lisiiondoe mwilini. Inarundikana: mtoto anafunga choo hadi tumbo linavimba, taya zinauma, miguu inalegea, wengine hupata degedege. Daktari akijua, hubadilisha dawa au hupanga siku upya. Asipojua, kwa kuwa kidonge kilipitia kwenye mkoba wako, atahangaika kutafuta sababu kwingine kabisa.

Homa ikishuka usianze kudai ruhusa ya kwenda nyumbani. Kandida akipatikana kwenye damu, siku 14 za dawa huhesabiwa tangu damu ilipoonekana safi, na ule mrija wa kifuani wa kupitishia dawa, kama anao, kwa kawaida hutolewa. Aspergilasi wa mapafuni hutaka wiki 6 hadi 12, pengine zaidi. Mkirudi, asilale chumba chenye ukuta wa ukungu, asikae karibu na banda la kuku likifagiliwa wala palipo na ujenzi.

Kesho madaktari wakipita, uliza mambo mawili: potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) zimesomaje, na vinkristini inayofuata ni lini.