Kwa nini Gwen hakufa kwenye sura ya hadithi yangu ya Spider-Man

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kwenye hadithi yangu nimemwokoa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter Parker (ndiye Spider-Man), wakati kwenye komiki ya 1973 alikufa pale darajani. Kumbuka alivyokufa: utando wa Spider-Man ulimnasa miguuni ukamsimamisha ghafla, shingo ikavunjika. Wahariri wenyewe walilieleza hilo baadaye. Kwa hiyo kwangu Peter anajirusha nyuma yake, anamkumbatia wakiwa hewani, ndipo anarusha utando juu, nao unavutika na kupunguza mwendo kidogo kidogo. Hakuna muujiza hapo, na nguvu zake ni zile zile. Aya tatu za kuanguka tu najua zimewachosha wengine, sizifuti! Green Goblin, adui wa Spider-Man, naye bado yupo, subiri sura ijayo.